Uzinduzi wa Albamu Uliogeuka Kilio

Leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima hapa Kasongo. Nawaambia mapema kwamba sitamwomba mtu msamaha.

Mnajua nimemaliza albamu yangu. Miaka miwili, kinanda kimoja, noti chache zinazokuja polepole na kukaa. Hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna anayeimba. Shangazi yangu anayeishi Wamaza, aliyenilea, huiita kazi hii uvivu. Leo alikuwa anakuja kwa pikipiki kuisikia kwa mara ya kwanza. Nilitaka neno moja tu zuri kutoka kwake.

Jua lilikuwa kali. Nikafunga turubai mbele ya nyumba, nikapanga viti vya plastiki, nikatoa spika kubwa nje. Saa tisa nikaingia chumbani kwenye kompyuta na kuanzisha kipande cha kwanza. (Turubai, viti, muziki wa taratibu mchana kweupe. Mwenye akili ameshaelewa. Mimi sikuelewa.)

Baada ya dakika kumi nikachungulia dirishani. Viti vimejaa! Wanaume wameshika tama. Jirani yangu Mama Zaina amekaa kwenye mkeka, anajifuta machozi. Jikoni kwangu ameshaweka unga wa muhogo. (Nikadhani ni zawadi ya msanii.) Nikajiambia, hatimaye wamenielewa. Nikaongeza sauti.

Ndipo pikipiki ikafika. Shangazi akaona turubai, akaona Mama Zaina analia, na anajua kwamba naishi peke yangu. Akajitupa chini.

"Mutoto yangu! Alikuwa fundi wa muziki! Hakuna mutu alijua kazi kama yeye!"

Wanawake wote wakampokea kilio. Nikatoka mbio, pekupeku, kuona kuna nini. Kilio kikakatika. Mzee mmoja akarudi nyuma mpaka akaangusha kiti.

Shangazi akanitazama kutoka chini. "Weye iko muzima?"

"Niko, Shangazi."

"Na hii sauti ya kilio?"

"Hiyo njo albamu yangu."

Akainuka, akajikung'uta vumbi bila haraka. "Basi nafuta yote nilisema."

Mama Zaina akaingia jikoni, akachukua unga wake, akaenda zake bila kuniaga.

Haya, chekeni mpaka mchoke. Mtaa mzima umemsikia Shangazi akinisifu, na sifa za kilioni hazifutwi eti kwa sababu marehemu ametoka ndani.