Surua Niliyompelekea Mama Mkwe

Ndugu zangu Alberi na Hamisi,

Leo nimeaibika. Tena si ile aibu ndogo ya kukosea wimbo kanisani. Ni aibu kamili, mchana kweupe, mbele ya mke wangu, wanangu watatu, dereva wa lori, kapita wa barabara na kuku mmoja.

Najua mnanisubiri hapo Kasongo. Hamisi, najua umeshampa taarifa mpiga picha. Mwambie aende nyumbani. Mimi niko katikati ya njia, kwenye kizuizi cha mvua, nimekaa katika kibanda cha kapita anayekisimamia, na suti yangu nyeupe imekuwa nyekundu kuanzia kola hadi magoti. Nawaandikia haraka, kabla sijapata nafasi ya kujitungia utetezi.

Mambo yalianza wiki tatu zilizopita, nilipopewa likizo. Siku hiyohiyo Madamu, mke wa Bwana Mkubwa wetu wa Kizungu, alileta ofisini magazeti ya zamani ya kwao, tufungie mafaili. Mimi siwezi kuona karatasi bila kuisoma. (Ugonjwa wa makarani wote.) Ndani nikakuta ukurasa unaoeleza jinsi wazazi wa Ulaya wanavyochagua mahali pa kupeleka watoto likizo. Kumbe hawaendi ovyo! Mtoto mdogo anatakiwa apelekwe penye kivuli na mchanga wa kuchezea. Wa miaka minane au tisa, penye maji na wanyama. Kijana, penye mambo ya kujifunza. Kila umri na mahali pake.

Nikasema, huo ndio ustaarabu. Usiku nikachukua rula na wino mwekundu, nikachora jedwali. Jina, umri, anachohitaji, mahali. Paskali, miaka kumi na minne. Marselina, miaka tisa. Mwamini, miaka mitatu. Salamabila nikaipima: mashine za kuchimba dhahabu zingemfaa Paskali, lakini yale mashimo na Mwamini, hapana. Nikaipima Kasongo, ikafaulu kila mstari. Soko na peremende kwa mdogo. Mto Lualaba na kivuko kwa Marselina. Maduka ya vitabu na mechi ya mpira kwa Paskali. (Kwa baba, picha ya studio akiwa amevaa suti, ili Alberi aache kunionyesha ile ya kwake.)

Mke wangu alilitazama jedwali, akaniuliza, "Umeandika batoto kama magunia ya pamba?"

"Ni mpango, Mama Paskali."

"Kwa mama yangu iko wapi ndani ya mupango yako?"

Nikamjibu kwamba kijijini hakuna kitu cha umri wowote. Niliyatamka hayo kwa mdomo wangu. Yeye akachukua jembe lake akaenda shambani.

Sasa hapa ndipo ninapoomba Mungu anisamehe. Juma lililofuata, mke wangu akiwa tena shambani, akafika shemeji yangu Sumaili, mdogo wake mke wangu, na baiskeli yake imejaa matope. Alitumwa na mama yake. "Mama anasema, ulete batoto kwa konje hii, likizo yako. Macho yake inaenda inapotea. Anataka amuone yule wa jina lake, wakati angali anaona."

Maana Mwamini wangu mdogo ana jina la bibi yake. Na bibi huyo hajawahi kumwona. Mtoto alizaliwa Kabambare, penye kazi yangu, na likizo ya kwanza tulikwenda Kindu kwa kaka yangu, ya pili nilijenga jiko.

Nilimwonea haya Sumaili. Lakini jedwali lilikuwa mezani, lina wino wa rangi mbili, na Hamisi alishaandikiwa. Nikafungua mdomo, ikatoka surua. Kabisa! Nikasema Mwamini ana surua, muuguzi amekataza asisafirishwe. Sumaili akashika kichwa. Akataka kumwona mtoto. Nikamwambia inaambukiza. Akapanda baiskeli yake akarudi bila hata kunywa maji, na mke wangu alipotoka shambani sikumwambia kwamba mdogo wake alifika.

Nilijifariji hivi: macho ya wazee hupotea polepole, likizo ijayo si mbali. Nikalala vizuri. Ndiyo, nililala vizuri, na hilo nalo liandikwe.

Basi leo asubuhi tumepanda lori. Mke wangu na Mwamini nimewaweka mbele karibu na dereva. (Angalau hilo nihesabieni.) Mimi na wakubwa wawili tumekaa nyuma, juu ya mchele na madebe ya mawese. Suti nyeupe, kofia, kalamu mfukoni. Marselina alikuwa akiimba. Nami nilikuwa nikimweleza Paskali jinsi watu walioendelea wanavyosafiri, mara mvua ikatushukia.

Mnajua sheria. Mvua ikinyesha kizuizi kinashushwa, na gari halipiti mpaka barabara ikauke. Tukasimama. Mvua ilipokatika nikainua kichwa kuangalia tuko wapi. Nikaona kibanda cha kapita. Nikaona ile njia ndogo inayoingia kushoto kwenda kijijini kwa wakwe zangu. Nikaona benchi. Na kwenye benchi, ameketi na fimbo, ana kifurushi cha majani ya dawa magotini na kuku amefungwa miguu, mama mkwe wangu.

Pembeni yake, Sumaili.

Jamani! Mnajua desturi ya upande huu. Mkwe mwanamume hakutani na mama mkwe njiani. Akimwona kwa mbali anaingia porini, anasubiri apite. Ni heshima. Basi mimi nikaita woga wangu heshima, nikainua turubai, nikajitupa chini yake, katikati ya madebe ya mawese. Debe moja halikuwa na kifuniko kizuri. Niliyasikia mawese yakiniingia shingoni, ya moto kidogo kwa jua la asubuhi, nikanyamaza.

Chini ya turubai nilisikia kila kitu. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mke wangu akapiga kelele ya furaha.

"Mama! Unaenda wapi na mvua hii?"

"Naenda kwako. Natafuta kamyo, lori ya kunipeleka. Dawa ya mutoto ndiyo hii, na kuku ya supu."

"Mutoto gani?"

"Mwamini. Si iko na surua?"

"Surua gani, mama?"

Kuku peke yake ndiye aliyesema neno.

"Nipatie mutoto," akasema mama mkwe. Kuna tundu dogo kwenye turubai, nikaweka jicho. Alikuwa amempakata Mwamini, anampapasa. Kipaji cha uso, mashavu, nyuma ya masikio, shingo, tumbo. Alikuwa akitafuta upele kwa vidole. Nikadhani ndivyo wazee wanavyofanya.

"Upele iko wapi?"

"Hana upele, mama. Hakuugua hata siku moja."

"Sumaili, si baba yao alikuambia?"

"Aliniambia, mama. Kwa mudomo yake, mulangoni kwake."

Mke wangu hakusema kitu. Nimeishi naye miaka kumi na mitano, naujua ukimya wake. Huo wa leo sikuujua.

Hapo ndipo kapita alipoona ni wakati wa kazi. Huyu kapita alisoma miaka miwili misheni na hajawahi kukubali isahaulike. Akaomba karatasi ya ruhusa ya safari. Mke wangu akampa. Naye akaisoma yote, kwa sauti, herufi kwa herufi, kama shemasi. Jina langu. Kazi yangu. Mke mmoja, watoto watatu. "Sa-ba-bu ya sa-fa-ri: ma-te-mbe-zi ya wa-to-to, Ka-so-ngo." Akageuza. "Mu-hu-ri wa mu-u-gu-zi: wo-te wa-zi-ma." Akaongeza kwa kupenda kwake, "Mwandiko muzuri kabisa!"

Mwandiko ulikuwa wangu. Niliijaza mwenyewe.

"Na baba yao iko wapi?" akauliza mama mkwe.

Paskali, Mungu ambariki, akatazama miti. Lakini mimi nimemlea Marselina asiseme uongo, na kwa bahati mbaya nimefaulu. Akamjibu bibi yake, "Koko, baba iko pale juu, ndani ya turubai."

Kapita akapanda. Nikamsikia akihesabu mafurushi kwa mguu, mchele, mchele, debe, karani. Akainua turubai. Tukatazamana.

"Bwana karani! Unajificha sababu ya nani?"

Nikamnong'oneza, nikimwonyesha kwa kidevu, kwamba ni mama mkwe, asinione.

Naye akajibu kwa sauti ileile aliyosomea karatasi: "Mama huyu? Mama haone tena! Tangu wiki iliyopita. Hapa anafika kwa kushikwa mukono."

Ndugu zangu, nilikuwa nimejificha, katika mawese, nisionwe na mtu ambaye haoni.

Nilijaribu kusimama kwa heshima. Mguu ukateleza, nikashuka kutoka kwenye lori pamoja na debe, nikatua matopeni mbele ya wote. Dereva alicheka hadi akakaa chini. Paskali alicheka. Hata Sumaili alicheka, na alikuwa na haki. Mke wangu hakucheka.

Mama mkwe aliposikia kishindo na kuambiwa ni mimi, mnajua alifanya nini? Alinigeuzia mgongo. Si kwa hasira. Alinificha uso wake kama desturi inavyotaka, yeye asiyeniona, ili mimi nisione haya. Niliposimama pale nikitiririka mafuta, yeye ndiye aliyekuwa akishika heshima kwa ajili yetu wote wawili.

Hatuzungumzi uso kwa uso, lazima maneno yapite kwa mtu. Akamchagua Mwamini.

"Mwambie baba, kuku hii ilikuwa ya mugonjwa. Mugonjwa hakuna. Basi ni ya mukwe."

Mwamini akaja akikimbia, miguu midogo ndani ya tope. "Baba, Koko anasema wewe ni kuku."

Nikamwambia amshukuru. Nilitaka angenitukana. Tusi ningelibeba, lakini kuku yule nilipewa mkononi na nimekaa naye hapa, ananitazama.

Halafu ukaja ujumbe wa pili. "Mwambie baba, yeye anajua kuandika mambo yote. Anieleze, mutoto huyu anafanana na nani?"

Nikashindwa. Mimi mwenye jedwali! Ninajua umri wake, ninajua anahitaji mchanga na kivuli, lakini hilo sikuweza kulijibu. Maana kila mtu husema mtoto anafanana na bibi yake, na mimi tangu nioe sijawahi kumtazama mama mkwe usoni. Ni mwiko. Siku zote nimeijua miguu yake na ncha ya fimbo yake tu.

"Baba, unasema nini?" Mwamini alikuwa anasubiri.

Nikafanya ambalo halifanywi. Nikazunguka benchi, nikasimama mbele yake, nikamtazama. Uso mdogo, mpole, macho yamefunikwa na weupe. Nikamtazama mtoto. Nikamtazama tena yeye. Alijua nipo, maana harufu ya mawese ilinitangulia, lakini safari hii hakugeuka.

Nikasema, "Mwambie Koko, kipaji ni chake. Na kidevu. Na akinuna, midomo ni yake kabisa."

Mwamini alisahau yote. Hakukuwa na haja. Mama mkwe aliweka mkono mmoja kwenye kipaji chake na mwingine kwenye kipaji cha mtoto, akavilinganisha polepole. Akasema, bila kumlenga mtu yeyote, "Ndiyo. Mwaka jana ningaliona."

Hakulia. Mimi nililia kidogo. (Kapita anadhani ni mawese machoni, nimemwacha hivyo.)

Sasa jua limeanza kushuka na barabara imekauka. Watoto wameshaingia kijijini na bibi yao. Kutoka hapa nawasikia. Paskali anafundishwa na Sumaili kutega mitego ya kanga. Marselina yuko mtoni. Mwamini anachimba mchanga chini ya ghala la mpunga, penye kivuli. Hebu fikirini! Kila umri umepata mahali pake, sawasawa na lile gazeti, na mimi sikuchora mstari hata mmoja. Anayekosa mahali ni mwenye miaka thelathini na minane. Mkwe haingii kwa wakwe mikono mitupu, wala katika suti ya namna hii, kwa hiyo kapita amenipa mkeka. Mke wangu alipopita hapa kuchukua masanduku nilimwita. Akasema, "Zungumza na kuku."

Dereva anapiga honi. Kizuizi kimeinuliwa. Sisi hatupandi. Barua hii nampa yeye, pamoja na jedwali, mlitumie kufungia samaki. Nimeongeza mstari mmoja chini. Mwamini mkubwa. Umri, hajui. Anachohitaji, kumwona mjukuu wake. Mahali, hapo nimeacha wazi, wino ulikataa.

Nawaomba msicheke. Au kama lazima, chekeni taratibu. Mama mkwe masikio yake ni mazima kabisa.