Mtaalamu wa Hispania wa Ibra

Jumatatu, 4 Novemba
Bi Ghalia wa ofisi ya safari hapa Ibra, Omani, anatafuta kiongozi wa kuzipeleka familia kumi Andalusi, kusini mwa Hispania. Tiketi bure, hoteli bure! Nimemwambia Hispania naijua kama kiganja changu. Nina miaka hamsini na mbili, sijavuka Dubai. Lakini video nimetazama nane.

Balaa: shemeji yangu Nabhan naye kaomba. Yeye Madrid alifika kweli, siku mbili, na homa juu. Alichokiona ni dari ya hoteli.

Uamuzi Ijumaa baada ya Alasiri, shambani kwa Bi Ghalia, kule Bidiya ukingoni mwa jangwa. Kila mmoja atawaeleza wasafiri habari za Hispania na kuwaonjesha chakula cha huko.

Jumatano, 6 Novemba
Historia nimeimaliza. Waislamu waliingia mwaka 711, Granada ikawatoka 1492. Hapo katikati nitasema walijenga.

Chakula: paella, wali wa zaafarani na kamba, sufuria pana. Mke wangu Mahfoudha katazama picha, kasema hiyo ni pilau iliyokosa bizari. Nikamwambia hajui ustaarabu. Kaondoka na mwiko wake. Haidhuru! Nitapika mwenyewe.

Ijumaa, 8 Novemba
Siku ya aibu.

Nilianza na supu ya tungule, nyanya zilizosagwa, ambayo Wahispania huinywa baridi. Mama mkwe, Bi Kuruthum, aliyekuja kutusikiliza mimi na mwanawe Nabhan, akaionja, akanihurumia: "Baba Manar, imepoa hii mwanangu, kaipashe." Wote wakasukuma bakuli.

Nikaonyesha picha ya kasri la Alhamra. Kumbe ni msikiti wa Kordoba! Nimejuaje? Bi Ghalia alimwalika mama mmoja wa Kihispania aliyefikia kambi ya watalii jangwani. Hakunambia! Mama yule akanisahihisha kwa Kiarabu kilichoshinda changu. Akaongeza kuwa paella ni ya Valencia, si ya Granada.

Na paella yenyewe ilishika chini. Wali mzuri nikawapakulia wageni. Ukoko wote nikaukwangua, nikauweka kimyakimya mbele ya Nabhan, aliyeleta mkate na mafuta ya zaituni tu. Watu waseme naye kapika wali, kaunguza.

Mama wa Kihispania akauona, akapiga ukelele. Nikafurahi. Lo! Ukelele wa shangwe! Kwao ukoko ndio utamu wa paella, watu huugombania. Akamuuliza Nabhan kajifunza wapi. Nabhan, bila haya, kasema Madrid.

Nikaruka: ukoko ni wangu! Bi Ghalia akaniuliza kwa upole, "Kama ni wako, Marhun, umefikaje kwa Nabhan?"

Nikaanza kukusanya bakuli za supu. Nabhan anakwenda.

Jumapili, 10 Novemba
Mahfoudha hajanicheka. Afadhali angenicheka. Kanambia tu niende kwa kaka yake nikamtake radhi.

Nimekwenda. Nikamweleza yote, ukoko na nia yangu mbaya. Nabhan kanikumbatia. Kakiri kwamba hata yeye anaogopa, Hispania haijui. Tukacheka mpaka machozi. Nikajihisi mwepesi, wallahi. Nikaapa mbele yake: uongo basi.

Akamimina kahawa. Akataja kwamba Bi Ghalia ana safari nyingine mwezi wa Machi, ya Ureno, na kiongozi hajapata.

Kahawa sikuimaliza. Nimempigia Bi Ghalia palepale barazani, Nabhan ananikodolea macho. Nimemwambia Ureno asitafute mtu mwingine. Wareno walikuja kwetu Omani, wakakaa zaidi ya miaka mia, tukawafukuza. Sisi na wao tunajuana.