Kuliponda Gari la Mwalimu Mkuu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Gari letu limekufa. Safari hii limekufa kweli. Mtu wa gereji ya jirani alifungua boneti, akavua kofia. Na wakati wenyewe ndio huu: mke wangu ameteuliwa muuguzi msimamizi katika hospitali ya upande wa pili wa mji, anaanza Jumatatu ijayo. Pacha wanasoma upande huu. Uamuzi ameutoa akipiga pasi, bila hata kunitazama. Kufikia Jumamosi nipate gari dogo la juu, la bei yetu, lenye buti ya kumeza mikoba ya watoto na matairi ya kustahimili mashimo ya barabara yetu. La sivyo pacha wanahama shule, na sote tunahamia vyumba vya uani kwa kaka yake, jirani na hospitali.

Kwa shemeji! Mtu anayekohoa mgeni akijiongezea sukari.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mke wangu amepata gari, mimi bado natafakari. Mwenye gari ni mwalimu mkuu mstaafu ambaye macho yamemchoka, hawezi kuendesha tena. Dogo, la juu, la kijivu, viti havina hata doa. Amelijaribu mpaka hospitali na kurudi. Bei iko ndani ya akiba yetu. Anachotaka ni mimi niende nikalipe tu.

Nikalipe tu! Mwanamume mzima nilipe bei niliyotajiwa, shemeji asikie. Yeye kila mgeni humsimulia alivyolipata lake kwa bei ya kutupa. Nikamwambia mke wangu aniachie mimi. Kwa sauti ile anayowakatazia wagonjwa kukuna vidonda, akanijibu kwamba mwalimu ameshapunguza kwa sababu tuna watoto, kwa hiyo nisianze mambo yangu.

Mambo yangu yapi?

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mpango uko tayari. Nimepata fundi mmoja, wanamwita Maneno. Atakuja nami kama mkaguzi, aliponde gari mpaka bei iporomoke. Nitakachookoa kitanunua redio na keria. Huyu hasifiwi sana kwa ufundi. Mwisho wa juma ni mshereheshaji wa harusi. Nilimwagiza aseme injini inanguruma vibaya na shokabu zimechoka. Akauliza kama aongeze chumvi kidogo. Nikamwambia asione haya.

Alhamisi, tarehe 6 Juni



Mwalimu mkuu alitupokea getini, shati limenyooshwa, gari limeoshwa mpaka matairi. Akaniuliza umri wa pacha, nani hukaa dirishani, na kama wana tabia ya kutapika safarini. Kisha Maneno akafungua boneti.

Alianza vizuri, na injini, na shokabu. Halafu nadhani ule ukimya ulimkumbusha ukumbi. Akaishika spana kama kipaza sauti. Akasema breki hizi zitashika kila siku, isipokuwa siku moja. Akaanza kuielezea siku hiyo. Akaweka mteremko. Akaweka mvua. Akaweka watoto wawili wenye sare kwenye kiti cha nyuma, wanaimba. Mimi mwenyewe nilitokwa na jasho. Nikamkanyaga mguu anyamaze. Akadhani namhimiza, akaongeza lori.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikajiweka sawa kupokea bei mpya.

"Kijana wangu," akasema, "gari hili sikuuzii."

Nilidhani ni mbinu, nikatabasamu. Haikuwa mbinu. Alisema amelea watoto wa watu maisha yake yote na hajapata kumpoteza hata mmoja. Hawezi kuanza na wangu.

Nikamwambia fundi amezidisha. Nikamwambia fundi ni mwongo, hajui hata mlango wa gari. Mwalimu akanishika bega. Alisema ananiona nilivyo: niko tayari kubeba gari bovu ili mzee asiumie moyo, na watu wa aina yangu wamekwisha. Kadiri nilivyolisifia gari ndivyo macho yake yalivyozidi kulengwa na machozi. Nikaapa kwamba ni zima. Akanijibu kwa upole kwamba hata wema una mipaka.

Kisha, mimi nimesimama palepale, akamwomba Maneno alichukue kwa bei ya chuma chakavu, alikatekate, lisije kumdhuru mtu. Maneno alikubali kwa huzuni kubwa.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimekwenda gereji kwa Maneno. Gari halijakatwa. Mke wake alikuwa anajaribu vitambaa vya viti.

Nilimwuliza kama ana haya. Hakukasirika hata chembe. "Kaka, uliniambia niliponde, nikaliponda. Hukuniambia nisilinunue."

Nikamwomba basi aniuzie. Akataja bei kubwa kuliko ya mwalimu. Sikuamini masikio yangu. Nikamkumbusha kwamba breki ni mbovu. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. Alisema tangu aanze ufundi hajaona breki safi kama zile.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mwalimu mkuu amempigia mke wangu simu kumpongeza kwa kupata mume mwenye utu. Mke wangu alisikiliza akiwa amesimama, akashukuru, akakata. Kisha akaniuliza zile breki alizokwenda nazo hospitali na kurudi zilikufa lini.

Nikaeleza. Nilipofika kwenye spana alikaa chini. Nilitegemea kelele, kelele ningeziweza.

"Baba Pacha," akasema taratibu, "cheo hiki nimekingoja tangu watoto hawajazaliwa. Nilitaka nikianze nikitokea kwangu."

Akaenda kutafuta maboksi. Sikujua kwamba lilikuwa jambo la namna hiyo.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Tuko uani kwa shemeji. Pacha wanalala miguu yao ikigusa jiko.

Jioni shemeji aliniita sebuleni. Nikajiandaa kuchekwa. Badala yake alisema ana mpango wa kuchukua gari kubwa zaidi, na hili lake dogo la juu angependa dada yake alichukue. Akataja bei. Nilimwomba arudie. Akairudia ileile, akasema tulipe kidogo kidogo, na kesho jioni tunaweza kurudi kwetu nalo. Mke wangu alikuwa mlangoni, mikono miwili mdomoni.

Bei ya namna ile! Mtu anayeanzia chini hivyo, ukimbana kidogo anashuka zaidi. Nikakunja uso. Nikasema rangi yenyewe haijanikaa vizuri, nitafikiria.

Shemeji akainuka, akaenda kulifunika gari lake turubai. Mke wangu akaondoka mlangoni. Mpaka sasa hakuna anayenisemesha nyumba nzima, hata pacha.

Dalili nzuri. Wanaogopa nitakataa.