Suti Iliyomsubiri Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Nimeipata! Suti ya kijivu, sufi nzito, vifungo safu mbili, kola pana, bitana ya hariri. Imeshonwa kabla sijazaliwa na haijavaliwa hata siku moja! Mjane wa fundi aliyeishona ndiye anayeitunza, kwenye kabati, kule uchochoroni nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mwenye suti alipimwa, akaaga, hakurudi kuichukua.

Bibi akaniambia haiuzwi. Inamsubiri mwenyewe. Basi nikamwambia mwenyewe ndiye mimi. Macho yake hayaoni vizuri, nikajua uongo mdogo hauui mtu. Akanipapasa, akasema zamani bega langu la kushoto lilikuwa chini kidogo. Nikalishusha hapo hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Bibi akacheka taratibu. Akasema nimenenepa, lakini haidhuru, suti itanirudisha.

Maneno ya uzee. Nikaikumbatia nikaondoka mbio kabla hajabadili mawazo.

Bwana Pasi, mwaka huu kwisha habari yako!

Jumanne, 4 Juni

Chama chetu cha Wapenda Nguo za Kale kina sharti moja kubwa: nguo haiguswi kwa sindano. Hupunguzi, huongezi. Siku ya maonyesho kila mwanachama anavaa nguo kama ilivyotoka kwa fundi wake. Bwana Pasi anashinda kila mwaka kwa sababu amejaliwa kiuno cha nyigu. Mimi nimejaliwa kitambi. Mwaka jana kifungo changu kiliruka kikatua kwenye chai ya mwenyekiti. Watu walicheka mpaka wakashikana. Bwana Pasi ndiye aliyekiokota, akanirudishia kwa kijiko. Sitasahau.

Leo nimejaribu suti. Suruali ikagoma mapajani. Koti likaingia mkono mmoja, wa pili likakataa kabisa. Mke wangu akasimama mlangoni, akaniambia Baba Pacha, hiyo nguo ina mtu wake, irudishe ilikotoka. Nikamjibu kwa hasira kwamba mtu wake ni mimi.

Nilipotamka hivyo, mkono wa pili ukaingia. Sikuusukuma.

Ijumaa, 7 Juni

Vifungo vyote vinafunga! Na jana nilimaliza sufuria ya wali peke yangu.

Jambo moja tu la ajabu. Kila nikiamka nakuta alama za chaki, ile mistari ya mafundi. Haziko kwenye suti. Ziko kwenye ngozi yangu. Kiunoni, mbavuni, begani. Naoga zinatoka. Asubuhi zimerudi, zimesogea ndani kidogo.

Mtu mwoga angekimbia. Mimi nilikaa kitandani nikafikiri. Sharti la chama linakataza kugusa nguo. Halisemi kitu kuhusu mvaaji! Nimesoma katiba yote, ukurasa kwa ukurasa. Hamna. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kwa kweli zimeuma kuliko kawaida, kama zimebanwa kwa pini.

Jumapili, 9 Juni

Nyumbani hakuna amani. Nimenyoa masharubu asubuhi, mchana yamerudi, membamba, yamechongwa vizuri. Napiga mluzi wimbo nisioujua. Chai nimeinywa bila sukari, mimi! Mke wangu aliacha kikombe chake mezani akanikodolea macho.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa nimesimama dirishani. Akapita nyuma yangu, akanishika mgongo, kisha akautoa mkono kama aliyeshika pasi ya moto. Akauliza wewe nani. Nikageuka. Akaangua kilio. Akasema kitambi kile kilikuwa chake, alikizoea, na sauti ile ya kukoroma alikuwa akiijua. Akasema nichague yeye au suti, hataki mtu wa tatu ndani ya nyumba.

Roho iliniuma. Nampenda mke wangu, si siri. Nikamwahidi naivua. Nikaivua mbele yake, nikamwona akipumua. Na kweli, nilipoivua tu, tumbo lilianza kurudi polepole, kama mkate unaoumuka.

Kisha nikaenda kuivaa tena bafuni. Maonyesho ni Jumamosi! Nitaivaa kwa siri, nikiingia kwangu naivua, na Jumamosi jioni nitaiacha kabisa. Mama Pacha anasema sikio la kufa halisikii dawa. Lakini yeye hajawahi kurudishiwa kifungo kwa kijiko.

Jumatano, 12 Juni

Mlinzi wa ofisi kanizuia getini. Akatazama picha ya kitambulisho, akanitazama mimi, akauliza hiki nimekiokota wapi. Mlinzi huyu huyu ninayemtania kila siku! Nikaingia kwa mlango wa wateja, nikaenda mezani kwangu. Mhasibu, rafiki yangu wa miaka, akaniambia mwenye meza ile hajafika, nisubiri kwenye benchi.

Nimesubiri mpaka wamefunga. Hakuja.

Nimelipwa mshahara wa kukaa. Nani kama mimi?

Jumamosi, 15 Juni

Ukumbi mzima uligeuka nilipoingia. Kisha makofi! Bega la kushoto chini kidogo, suti imelala mwilini bila mkunjo hata mmoja. Bwana Pasi alibadilika rangi. Niliiona siku hiyo kwa macho yangu, hakuna wa kuninyang'anya.

Mwenyekiti akanipa mkono. Akasema hajawahi kuona suti iliyokaa vile, na ni heshima kubwa kupata mgeni kama mimi. Lakini wageni hawashindani. Nikamwambia ni mimi, mwanachama, yule wa kifungo. Wakacheka wote. Yule mnene? Wakasema leo hakuja, labda ameona aibu.

Bwana Pasi akashinda tena. Akaniambia kwa upole kwamba bila yule mtani wake ushindi hauna ladha. Nilitaka kulia. Macho yalikataa. Nahisi macho haya hayajui kulia.

Usiku sikurudi nyumbani. Miguu ilinipeleka mtaa nisioujua, ikasimama nyumba ya wageni. Mhudumu akaniuliza jina. Nikaandika moja zuri sana, sijui nimelitoa wapi.

Jumapili, 16 Juni

Nimekwenda nyumbani. Mke wangu alifungua mlango, macho mekundu. Akanikaribisha ndani, akaniita kaka, akaniletea maji kwenye glasi za wageni. Akasema mumewe hajarudi tangu jana, chakula chake kimefunikwa mezani. Akauliza kama nimemwona. Mnene, mkaidi, hucheka peke yake. Akasema arudi tu, hata na suti yake, hatamgombeza.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kifungo cha juu. Kuvua tu, basi! Nikakifungua.

Hapo akanitazama kuanzia kola mpaka pindo la suruali. Akasema samahani kaka, mume wangu naye ana kama hiyo, lakini wewe suti imekukaa.

Miaka yote ya ndoa, hajawahi kusifu nguo yangu hata moja! Hata siku ya harusi!

Nikakifunga.

Kesho narudi na maua. Mama wa watu anahitaji wa kumliwaza, na sura yake inapendeza akiwa na huzuni. Nimeshapanga la kusema. Na mumewe akijitokeza, tutapambana. Nasikia ni mtu wa hila, tena hajui kuvaa.