Salamu Yangu kwa Abiria wa Mashua

Leo nimejivua heshima mchana kweupe, mbele ya majirani, dereva wa lori na simu moja yenye kamera nzuri mno. Naandika mapema kabla video haijawafikia, ili angalau mwanzo wa kisa muusikie kwangu.

Wengi wenu mnaifahamu mashua ya mume wangu. Kwa asiyeifahamu: Baba Asha ni mwalimu mstaafu wa useremala, na kwa miaka kadhaa amekuwa akiunda mashua uani kwetu hapa Tabora, mji ambao maji mengi kuliko yote tunayoyaona ni yale ya tangi. Majirani walimcheka hadi wakachoka. Yeye hakuchoka kuranda mbao. Alizaliwa kijiji cha ufukweni, kusini ya Kigoma, na dada yake mkubwa yuko huko bado. Alimwahidi kwamba siku moja atamjia kwa njia ya maji, katika chombo alichokiunda kwa mikono yake, amkalishe kwenye mto laini na kumzungusha ziwani kama bibi harusi. Kiangazi hiki ndicho tulichokipanga. Mvua zikianza ziwa huwa na vituko vyake, na habari za mwakani, kwa hali ya wifi yangu, hakuna anayethubutu kuzitaja.

Leo lori lilikuwa linakuja. Dereva wake, kijana aitwaye Masanja, anakwenda Kigoma kuchukua mawese, gari tupu, akakubali kutubebea mashua. Bahati ya namna hiyo haiji kila wiki.

Jambo la pili la kujua ni kiwanja chetu. Kipo kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikielekea Ujiji. Tulipochimba msingi wa nyumba tulitoa shanga za bluu, kisha pete mbili za mnyororo, zimeshikana kwa kutu. Tulizifukia uani, chini ya ukuta. Wazee wa mtaa husema kwamba kiangazi, alfajiri, wapagazi bado hupita: huwaoni, unasikia mnong'ono tu, wa watu wengi wanaosema kwa chini ili wasiwaamshe wenye nyumba.

Mimi huwajibu kwamba ni upepo. Mimi ni mwalimu wa biolojia. (Likumbukeni hilo. Litaniumiza baadaye.)

Sasa, tulikuwa Puge kwenye harusi ya mpwa wangu, tukakaa huko karibu wiki. Tumerudi jana magharibi, tumechoka. Leo baada ya sala ya alfajiri nikatoka uani na kitambaa, nipanguse vumbi mashua ipakiwe ikiwa na uso safi. Hali ya hewa ilikuwa ya ubaridi. Kimya kile ambacho hata jogoo hajakivunja. Nikafunua pembe ya turubai, nikaweka kiganja kwenye mbao za mbele.

Mbao zilikuwa na joto.

Si joto la jua, jua lilikuwa halijatoka. Joto la mwili. Kama kumshika mtu shavu.

Nikaondoa mkono. Nikajicheka. Nikaurudisha. Chini ya kiganja kitu kilikuwa kinatetema, kidogo sana, kama kifua cha mtu aliyelala anayeota. Nikainama, nikaweka sikio.

Mnong'ono.

Watu wengi. Mbali. Wanasema kwa chini.

Nikagonga ubao kwa kidole, nikiwa na nia ya kuthibitisha kwamba nimekosea. Ndani wote wakatoa pumzi kwa pamoja, “hsssss”, kisha wakanyamaza. Wakanyamaza kama darasa linapomwona mwalimu mlangoni. Na mimi hapo, mwalimu, nikarudi nyuma hatua tatu.

Mume wangu alikuwa ameshatoka kwenda sokoni kutafuta kamba za kufungia. Nikampigia simu.

“Baba Asha, kuna kitu ndani ya mashua.”

“Kitu gani?”

“Kinapumua.”

“Mama Asha, umekunywa chai?”

“Bado.”

“Kunywa chai kwanza.”

Nikanywa. Haikusaidia. Jua likapanda, na kadiri lilivyopanda ndivyo mnong'ono ulivyokuwa ukikomaa, mpaka nikawa nausikia nikiwa jikoni. Nyuki wawili watatu walikuwa wanazunguka bomba la uani wakitafuta maji, kama ilivyo kila kiangazi. Niliwapungia kanga wanipishe. (Niliwapungia kanga! Wao!)

Hapo akaja jirani yangu Bi Zuwena. Familia yake ni ya wafanyabiashara wa Kiarabu wa zamani hapa mjini, na nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Ni mwanamke mwembamba, sauti nyembamba kuliko yeye. Nikamwamkia, nikamwongoza hadi kwenye mashua, nikitumaini atasema hasikii kitu. Akaweka sikio. Akafumba macho.

“Wako wengi,” akasema.

“Bi Zuwena, usinitanie.”

“Nikutanie kwa nini, mwanangu? Hao ni wapagazi. Wangapi walianguka hapa na mizigo yao hawajaliona ziwa? Leo wamekiona chombo, tena kinakwenda hukohuko. Na wewe ungekuwa wao, usingepanda?”

Ningependa kuwaambia kwamba nilimpinga. Nilifikiria zile pete mbili za mnyororo, nikaona kwamba kwa kweli ningepanda. Ningekuwa wa kwanza.

Lori likafika. Masanja akateremka akiimba, akaukaribia mkia wa mashua, akausikiliza, akaacha kuimba.

“Mama, humu kuna jenereta?”

“Hapana.”

“Kuna nini?”

“Wapagazi,” Bi Zuwena akamjibu, kwa utulivu wa mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Masanja akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa mlango wa gari. “Mama yangu, samahani. Mimi nabeba mawese, nabeba mahindi, hata maiti nimewahi kubeba, lakini alikuwa mmoja na ametulia. Hao wakishuka wenyewe, napakia. Wasiposhuka, naondoka.”

Nikaiona safari inakufa mbele ya macho yangu. Nikamwona wifi yangu ufukweni, amekaa, anatazama maji. Baba Asha hayupo, simu yake sasa haipokelewi, dereva ameshika ufunguo. Uamuzi ulikuwa wangu. Na mimi, mwanamke wa shahada mbili, nikaamua kuzungumza nao.

Bi Zuwena akaleta chetezo chenye makaa na ubani. Majirani wakaanza kusogea langoni; mtaa wetu haujawahi kukosa jambo. Kuna tundu mbele ya mashua, la kupitishia kamba ya nanga, nalo linatazama ukutani. Bi Zuwena akapuliza moshi humo huku akisoma dua. Sauti ya ndani ikapanda. Kutoka mnong'ono ikawa mvumo, kutoka mvumo ikawa ngurumo ya treni inayoingia stesheni.

“Umesikia?” akanipigia kelele kwa furaha. “Wanaitikia!”

Nikajitanda kanga vizuri. Nikasimama mbele ya sanduku la mbele, lile lenye mfuniko, ambamo tulipanga kuweka chakula na maboya. Nikakunja mikono.

“Shikamooni, wazee wetu,” nikasema.

“Marahaba,” sauti ikajibu.

Niliisikia. Majirani wameisikia. Nikaendelea, kwa sababu mtu akishaitikiwa hawezi kuacha salamu hewani.

“Tunatambua kwamba mlipita hapa kabla yetu. Tunatambua kwamba wengi wenu hamkuitaka safari ile, na kwamba mizigo haikuwa yenu. Nyumba yetu imesimama mahali mlipopumzikia, nasi hatukuwahi kuwaomba ruhusa. Mtusamehe.” Langoni mwanamke mmoja alijifuta machozi. (Huyohuyo ndiye aliyekuwa anarekodi.) “Lakini chombo hiki ni kidogo, na kuna mgonjwa anayekisubiri. Kwa heshima kubwa, tunawaomba mshuke.”

Nikafunua mfuniko.

Walishuka.

Walishuka wote, kwa pamoja, kama moshi mweusi wenye hasira. Sekunde ya kwanza nilidhani ni roho. Sekunde ya pili roho mmoja aliniuma mdomo wa juu, nami nikatambua, kwa uwazi wa kitaaluma uliochelewa sana, kwamba ni nyuki.

Hapa inabidi nieleze. Baba Asha aliziba maungio ya mbao kwa pamba na mafuta, kama inavyofanywa. Ndani ya sanduku la mbele alitaka kupaka rangi. Nikakataa: sitaki kula ugali wenye harufu ya rangi. Nikayeyusha nta, nta safi ya kwetu, nikalipaka sanduku lote ndani kwa mkono wangu mwenyewe, kila pembe, kwa upendo. Sasa mtoto yeyote wa Tabora anajua mzinga mpya unavyoandaliwa. Unachukua kitu cha mbao, kitupu, chenye giza na tundu dogo. Unakipaka nta ndani, nyuki waipende harufu. Unakiacha mahali patulivu. Unaondoka.

Nami nikaondoka, nikaenda Puge kula pilau.

Nilikimbia. Kwa mwili huu, kwa umri huu, nikiwa na kanga kichwani kama gunia, nikakimbilia lori. Masanja alikuwa ameshajifungia.

“Nifungulie, mwanangu!”

“Mama, usije nao huku!”

“Ni nyuki tu!”

“Nawaona! Wapeleke kwingine!”

Nikazunguka lori. Wakazunguka nami. Lango likawa tupu. Waombolezaji wote walikuwa wameshatawanyika mtaani wakipiga mayowe, isipokuwa mkono mmoja ulioinua simu juu ya ukuta. Bi Zuwena alikuwa nyumbani kwake. Sijui alipitaje, maana lango la kwake liko upande wa barabara ya pili. Nadhani aliruka ukuta. Mwishowe niliingia bafuni, nikajimwagia ndoo nzima na nguo zangu zote, nikakaa sakafuni, nikawasikiliza wapagazi wakipigapiga mlango wa bati.

Huko ndiko Baba Asha alikonikuta, amebeba kamba zake begani. Akafungua mlango kidogo. Akanitazama mdomo, ambao sasa hivi hufika mahali kabla yangu.

“Umewapakia nta,” akasema, “halafu ukawaamkia.”

“Ndiyo.”

Akageukia ukuta. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia kwa ajili ya safari yake, nikaanza kumwomba radhi, mpaka nikasikia ile sauti anayoitoa anapozidiwa na kicheko. Alicheka akakaa chini na yeye, kwenye maji.

Lori lilikuwa limeondoka. Hicho ndicho kilichonichoma kuliko miiba yote. Lakini adhuhuri Masanja alipiga simu. Alikuwa amesimama njiani, bado hajafika Urambo.

“Mzee,” akamwambia mume wangu, “nyuki siwaogopi, nimekulia nao. Wahamishieni kwenye mzinga jua likianza kuzama, nageuza gari nije nipakie. Ila nina sharti moja. Mama asiwepo. Na asije kukiaga chombo.”

“Kwa nini?”

“Mzee, nyuki haitikii shikamoo.”

Basi ndugu zangu, naandika haya nikiwa nimefungiwa chumbani kwangu, na barafu mdomoni, jua limeshazama, wanaume wanapandisha mashua garini. Sanduku limeoshwa kwa maji ya moto, nyuki wana mzinga wao, wifi yangu amepigiwa simu na amesema atashona gauni la safari. Mimi nitafuata kwa treni, kama mzigo wa kawaida.

Kimebaki kitu kimoja. Nimeuliza nani aliitikia marahaba. Sauti ilikuwa nzito, kavu, ya mwanamume mtu mzima. Masanja anaapa si yeye; ni kijana, angeanzaje kupokea shikamoo yangu? Bi Zuwena alikuwa katikati ya dua, na sauti yake mnaijua. Baba Asha alikuwa sokoni anapatana bei ya kamba. Langoni walikuwa wanawake pekee. Nimeitazama video, maana nimeshatumiwa na watu wengi wenye huruma. Inasikika vizuri. Inatoka upande wa ukutani, chini, pale tulipozifukia zile pete.

Chekeni mpendavyo. Ila mkinikuta sokoni nimewaamkia, nawasihi, mjibu kwa sauti na niwaone midomo.