Ngazi Tatu za Mama Pacha

Jumanne, tarehe 5

Wote wanaosimulia ya jana wanakosea. Sikuanguka kwenye pipa la maji. Niliingia. Fundi wa kweli hukagua maji kabla hayajachanganywa na saruji, na mimi hukagua kwa mwili mzima. Nilitoka nimelowa hadi masikioni, wenzangu wakashika mbavu, na leo kila mtu anasema mzee kateleza. Waongo wakubwa.

Tuko hapa kwa kujitolea. Tunawajengea nyumba watu wasio na uwezo. Mshahara hakuna, chai ipo, kofia ngumu ipo. Nyumba ya kwanza ni ya Mama Pacha, na mwenyewe yuko nasi anakoroga saruji, maana sheria ya hapa ni kwamba atakayelala ndani lazima jasho lake liwemo ukutani. Jumapili anahama chumba alichopanga, atake asitake. Mwenye chumba keshampa mtu mwingine, na godoro la huyo mtu tayari limesimama kwenye korido.

Fundi mkuu ni kijana tunayemwita Pimamaji, kwa sababu hata meza ya chai haiamini mpaka aipime. Nikamweleza kuwa nilijenga daraja yeye hajazaliwa. Akauliza daraja gani. Nikamjibu lilishabomoka, ndiyo maana halioni. Akanipa ndoo nibebe maji. Mimi, ndoo! Atanitambua.

Jumatano, tarehe 6

Ndoo tena. Nikambebea Mama Pacha maji huku nikimpa habari za daraja. Akaanza kunieleza jambo fulani kuhusu mama yake mzazi, ambaye atakaa naye. Nikamwomba asubiri kidogo, nilikuwa nimefika patamu, pale mamba anapopanda jukwaa la mafundi. Mamba alipokwisha, sikukumbuka kuuliza. Alicheka lakini. Kwa mamba huyo hakuna asiyecheka.

Alhamisi, tarehe 7

Siku yangu imefika. Pimamaji kaenda kufuata mabati, Mama Pacha kaenda kufunga vyombo, wengine wote wako ndani wanapiga lipu.

Nikaizunguka nyumba nikiitafutia kasoro. Nikaipata! Mlango wa mbele uko juu, na ngazi hakuna. Kuna kifusi tu kimemwagwa kwa mteremko, kama kimesahauliwa. Vichwa vyote hivi na hakuna aliyeona. Na pembeni, chini ya turubai, mifuko ya saruji imelala. Nikajua inanisubiri mimi.

Mmoja akachungulia dirishani akauliza nafanya nini. Nikamwambia nimeagizwa na Pimamaji. Akarudi kwenye lipu yake.

Ngazi tatu. Pana, nene, zimenyooka karibu zote. Saruji nimeimaliza, sipendi ubahili kwenye kazi. Nikachora nyota kwa msumari. Kesho Pimamaji ataomba nimfundishe.

Ijumaa, tarehe 8

Pimamaji alisimama mbele ya zile ngazi akazikodolea macho. Nikadhani uzuri umemzidi. Nikamwambia asione haya, hata mimi niliwahi kuwa mwanafunzi. Aliuliza kitu kimoja tu: saruji ya mteremko iko wapi. Mteremko gani?

Hapo Mama Pacha akafika na toroli la vyombo. Akaziangalia ngazi, akaniangalia mimi, tena kwa upole. Afadhali angenitukana.

"Babu," akasema, "mama yangu hatembei. Yuko kwenye kiti cha magurudumu. Nilianza kukwambia juzi."

Mamba yule kaniponza.

Kumbe kifusi kilikuwa mwanzo wa njia ya kiti. Saruji tuliyochangiwa imekwisha, nyingine mpaka wiki ijayo. Pimamaji akasema basi bibi atabebwa tu. Mama Pacha akajibu taratibu kwamba pale wanapohama pia kuna ngazi, mama yake amechoka kubebwa kama gunia, na nyumba hii aliitaka kwa ajili hiyo hasa, bibi atoke na kuingia bila kumwomba mtu.

Nikashika nyundo. Ngazi zikakataa! Mpini ukavunjika. Wakaja wenzangu, nao wakatoka jasho mpaka zikavunjika. Lazima ifahamike kwamba hakuna kitu kilichojengwa hapa kilichosumbua watu kama kazi yangu.

Nyumbani ninao mfuko wa saruji, wa kusakafia bafu. Mke wangu anauthamini kuliko mimi. Nikamwambia nautoa nje kuuanika. Akauliza tangu lini saruji inaanikwa. Nikakosa uongo wa karibu, nikamweleza ukweli. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akashika upande wake wa mfuko. Njiani akasema bafu litangoja, ila mimi nisikaribie mwiko.

Alasiri Pimamaji akamwaga zege. Chini yake vimo vipande vya ngazi zangu. Kwa hiyo mteremko ni wangu.

Jumapili, tarehe 10

Bibi kaja. Zege bado changa, tukalilazia mbao juu. Nikasimama mlangoni kumpokea, maana fundi hupokea mgeni wake. Mama Pacha akataka kusukuma kiti, bibi akampiga kofi mkononi. Akapanda mwenyewe, anazungusha magurudumu, anapumzika, anazungusha tena. Pimamaji alijifanya anapima ukuta, lakini pimamaji lake lilikuwa juu chini.

Bibi akafika juu, akanitazama usoni, akasema, "Wewe ni injinia."

Mama Pacha akageuka akalia. Mimi sikulia. Ilikuwa vumbi.

Jumatatu, tarehe 11

Nyumba ya pili. Nimepewa ndoo tena, wivu tu. Lakini nimeshaona kosa lao: dirisha la chumbani liko chini mno, mtoto wa mbuzi anaweza kuchungulia. Mke wa mwenye nyumba alianza kunieleza sababu, nikamwambia atamalizia kesho, nilikuwa nimefika kwa mamba. Na kesho hiyo hiyo Pimamaji anafuata mbao. Tofali ninajua zilipo.

Ila lile neno la injinia, haya, nimelitia mimi. Bibi alisema, "Mzee, sogea, umeziba mlango wangu." Lakini alivyosema hivyo, ungedhani anamwambia injinia.