Banda la Nguruwe la Bibi Nedelka

"Gusa hilo jiwe uone kama hutaondoka bila meno!"

Bibi Nedelka alikuwa amesimama mlangoni mwa banda lake la nguruwe, koleo mkononi.

"Bibi, hili si banda tena," Meya Valchan akajibu kwa ile sauti yake ya kufungulia mikutano. "Kuanzia leo asubuhi, kwa Amri Namba Kumi na Nne, hii ni Akiba ya Kimkakati ya Mawe ya Kale!"

"Na nguruwe wangu?"

"Mkaaji wa muda."

Amri ilikuwa safi, niliichapa mwenyewe. Mimi naitwa Spas, nimemaliza shule juzijuzi, na sasa ni Askari wa Kirumi Daraja la Pili, mkataba wa miezi sita. Kofia ya bati ni ya halmashauri, soksi za sufu ni za mama. Nalinda ngome ya watalii. Mvua ikinyesha, nachapa barua.

Ngome yenyewe iko pale chini, ukingoni mwa mto Danubi. Warumi waliijenga na minara miwili. Sisi tumeijenga upya na minara minne, maana tumeendelea. Tumeweka matofali ya saruji na madirisha ya alumini. Yale mawe ya Kirumi yaliyokuwa yamebaki pale yalikuwa yamechakaa, yanaharibu mandhari, kwa hiyo Kamati ya Mandhari ikaamua kwa kauli moja yasukumwe mtoni. Ukiwa nje ya kamati huwezi kuelewa.

Sasa mkaguzi alikuwa njiani kutoka mji mkuu, Sofia, na fomu yake ina swali la kichokozi: je, ngome ina jiwe hata moja la Kirumi? Kama haina, haifunguliwi. Na kijiji kizima kinajua mawe ya kweli yaliko. Babu wa babu yake Bibi Nedelka aliyabeba kutoka ngomeni kwa mkokoteni, akajengea banda.

"Nikimtoa kwenye baridi hii atakonda," bibi akasema. "Krismasi ni mwezi ujao. Wajukuu zangu watakula nini, minara?"

"Watakula utalii!"

"Utalii una mafuta?"

Meya akanigeukia. "Askari! Mwondoe huyu mama!"

"Mheshimiwa, mkataba unaniruhusu kupambana na washenzi tu."

"Basi mtangaze mshenzi!"

"Hiyo lazima ipite kamati."

Akanisonya, akanyakua mtaimbo wa kung'olea mawe, akampita bibi kwa ubavu na kuingia. Alikuwa ameshauinua juu ndipo mlangoni akatokea mwanamke mwenye buti za matope. Bi Zornitsa, mkaguzi.

"Nimetoka kwenye ngome yenu," akasema. "Nimekuta madirisha."

Akawasha tochi, akapapasa ukuta taratibu. Nguruwe akamnusa mfukoni.

"Haya ni ya Kirumi. Yote. Anayeng'oa hata moja anaozea jela." Kisha tochi ikapanda kwenye mtaimbo. "Na wewe unafanya nini na hicho chuma?"

Meya akaushusha polepole. "Na... nalinda."

"Kumbe! Wewe ndiye msimamizi?"

"Ndiyo mimi! Hakuna mwingine!"

"Iko kwenye maandishi?"

Nikatoa amri kifuani, nikasoma kifungu cha tano kwa sauti. Meya mwenyewe ndiye aliyeniamuru niandike hivyo, mtu mwingine asije akakata utepe siku ya ufunguzi: "Msimamizi atakaa ndani ya Akiba mchana na usiku, bila kuwabughudhi wakaaji wa muda, mpaka wizara itume mlinzi."

"Safi sana," Bi Zornitsa akasema huku akiandika. "Ngome ni hii. Ile ya chini iandikwe ukumbi wa harusi."

"Na huyo mlinzi wa wizara anakuja lini?" meya akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Tuna mpango. Baada ya Pasaka."

Bibi Nedelka akamkabidhi meya koleo. "Anakula mara tatu kwa siku, na pumba zichanganye na maji ya moto. Akikonda, nitakutafuta. Lakini nitakutafuta wapi, si uko hapa hapa?"

Wanawake wawili wakaondoka kwenda kunywa rakia, ile pombe kali ya matunda. Nikamnyang'anya meya mtaimbo, maana chuma hakiruhusiwi ndani ya ngome.

"Spas mwanangu, usiniache hivi. Kaa tuongee! Nitakupandisha Daraja la Kwanza!"

"Andika barua, mheshimiwa. Mvua ikinyesha nitaichapa."

Nikampigia saluti ya Kirumi, nikatoka, nikafunga mlango. Komeo la banda liko nje.